Masika sita ya kuvuka Sabaki: mwendesha baiskeli anunue koti gani la mvua

Juma lililopita mwalimu mmoja kijana aliniandikia. Amepangiwa shule upande wetu huu wa Malindi, chumba amepata mjini, shule iko kilomita tisa, na bodaboda ya kwenda na kurudi inamla nusu ya posho. Amenunua baiskeli. Aliuliza: "Mwalimu, nimesikia wewe hukosi kazini hata inyeshe vipi. Ninunue koti gani?"

Nilimjibu kwa ufupi, lakini usiku nikaona jambo hili linataka kuelezwa lote, maana najua si yeye peke yake. Wewe unayesoma hapa nawe unataka kufika kazini kwa miguu yako mwenyewe, mwaka mzima, bila kumngoja mtu wala kuomba lifti. Nami nataka ufike mkavu. Mimi sikufika mkavu, na iliniuma.

Nakaa Maweni. Shule yangu iko ng'ambo ya daraja la mto Sabaki, njia ya Mambrui, na nilianza kazi hapo Januari 2019. Miezi ile ya kaskazi sina la kuisimulia, njia ilikuwa tamu. Kisha ikaingia Mei.

Koti langu la kwanza lilikuwa lile zito la plastiki wanalovaa watu wa bodaboda, la kijani, refu hadi magotini. Nililinunua shilingi 1,200, na muuzaji aliniapia kuwa halipitishi hata tone moja. Alisema kweli, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Jioni moja nilichukua insha 43 za Darasa la Saba nikazisahihishe nyumbani. Zamani ningezitia kwenye mifuko ya nailoni miwili mitatu, lakini ile ilipigwa marufuku Agosti 2017, na hii ya kitambaa tunayouziwa siku hizi haizuii hata umande. Nilizisahihisha zote usiku ule. Asubuhi nikazitia kwenye bahasha, nikaifunga kwenye karia, juu yake nikalaza gunia.

Mvua ya masika hapa kwetu hupenda alfajiri. Inatoka baharini, na unasikia mabati ya nyumba za kando ya njia yakiunguruma kabla wewe hujapata tone. Nikavaa koti, nikafunga vifungo vyote hadi shingoni, nikakanyaga. Nilipolifungua mlangoni pa ofisi ya walimu, mvuke ulinipanda usoni kama nimefunua sufuria ya wali. Shati ungeweza kulikamua. Mvua haikuwa imeingia hata kidogo; maji yote yale yalikuwa jasho langu.

Kisha nikafungua bahasha. Juu ilikuwa kavu, gunia lilifanya kazi yake. Chini ilikuwa rojo. Madigadi ya nyuma ilikuwa imevunjika tangu Machi, na gurudumu lilirusha maji ya barabarani kwenye karia njia nzima. Wino wa buluu ulikuwa umetiririka. Naikumbuka karatasi moja ya mvulana aliyekuwa hodari wa kuandika: kilichobaki ni kichwa cha insha na alama niliyompa, 34 juu ya 40, nayo ile nyekundu imetanda ukurasa mzima.

Mkuu wangu wa wakati ule aliniangalia kutoka utosini hadi viatuni, mbele ya walimu wenzangu, akasema pale si bandarini kwa wavuvi. Akaniambia nisiingie darasani hadi nikauke. Nilisimama barazani hadi saa nne, wanafunzi wakipita na kunitazama. Wale 43 waliambiwa waandike upya, na yule mvulana wa 34 aliandika ukurasa mmoja na nusu tu, hakuwa na hamu tena. Miaka imepita. Nikipita pale barazani bado napata joto la masikio.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pesa za watu wengi hupotelea. Mtu akienda kununua koti la mvua huuliza: linazuia maji? Kwa anayekaa nyuma ya pikipiki, swali hilo linatosha. Kwa anayekanyaga baiskeli halitoshi, kwa sababu mwili wako unachemka ndani. Hapa Pwani, hata siku ya mvua kuna joto, na hewa yenyewe imebeba maji. Ukijifungia ndani ya plastiki utalowa tu, iwe kwa mvua au kwa jasho.

Utaambiwa ununue yale makoti ya bei kubwa yanayosemekana "hupumua". Baadhi yanatokana na kazi ya Bob Gore, Mmarekani aliyegundua mwaka 1969 kwamba ile plastiki ya Teflon ukiivuta kwa ghafla inapanuka na kupata vitundu vidogo mno, tone la maji haliingii lakini mvuke unapita. Ndipo likatoka jina la Gore-Tex. Ni kitu cha kweli na kizuri. Lakini mvuke hutoka pale tu ndani kunapokuwa na mvuke mwingi kuliko nje. Kwenye baridi ya Ulaya tofauti hiyo ni kubwa. Malindi mwezi wa Mei, nje nako kumejaa mvuke, kwa hiyo jasho linatoka polepole mno kwa mtu anayepanda mlima wa daraja. Usikope pesa kununua koti la namna hiyo ukidhani litakutoa jasho lote. Tafuta koti lenye matundu ya hewa: zipu chini ya makwapa, mgongo wenye upepo, shingo inayofunguka. Hewa inayopita ndiyo inayokukausha.

Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, masika ile sikuendesha. Ya 2021 nilijaribu poncho, lile vazi pana la mvua lisilo na mikono, unaloliingiza kichwani. Niseme haki: poncho ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Hewa inaingia chini, magoti yanafunikwa, mikono inafunikwa, na ukikanyaga taratibu mjini, toka Shella hadi sokoni, hutaloa kwa lolote. Mimi asubuhi kusi hunisukuma mgongoni, kwa hiyo nilifika shule mkavu siku kumi mfululizo, nikajua nimepata.

Siku ya kumi na moja, jioni, kusi likiwa usoni, nilikuwa juu ya daraja. Pale hakuna mti wala nyumba, upepo unakujia ulivyo. Lori la chumvi lililotoka Gongoni likanipita, na upepo wake ukaingia chini ya poncho, ikajaa kama tanga, ikanifunika uso wote. Nilichoona ni njano tu. Niliweka mguu chini kwa kubahatisha, mguu ukagusa ukingo wa daraja. Nilipoitoa ile nguo usoni, chini yangu Sabaki lilikuwa linapita jekundu la udongo, zito kama chai ya maziwa, na lori lilikuwa limeshafika mbali. Nina watoto wawili. Poncho ile nilimpa jirani anayeuza mahamri, anajifunikia jiko.

Kwa hiyo: kama njia yako ina upepo na malori, usivae poncho. Narudia, usivae.

Koti ninalovaa sasa nililipata mitumba kwa shilingi 900. Ni la nailoni nyembamba, kiunoni limekatwa juu mbele na refu nyuma, lina zipu za makwapa. Ninalo tangu 2022, na mvua zile za El Nino za mwisho wa 2023 zilinikuta nalo. Lakini mitumba inataka macho. Geuza koti ndani nje kwanza. Kwenye mishono utaona utepe umebandikwa juu ya uzi. Ukiwa umeanza kuinuka, liache, maji hupita kwenye matundu ya sindano kabla hayajapita kwenye kitambaa. Kisha pitisha kiganja kwenye bitana. Ikinata, au ikibanduka magamba mkononi, limekwisha, hata kama nje linang'aa kama jipya. Joto na unyevu ndivyo vinavyoua ule utandu wa ndani, na makoti yaliyokaa kwenye marobota huku kwetu yameoza hivyo mengi. Angalia mabegani pia, pale kamba za mkoba zilipokuwa zikisugua.

Mimi huenda sokoni na chupa ya maji. Naomba ruhusa, nafanya kibonde kwenye kitambaa, namimina, nahesabu hadi mia, naweka karatasi ya chooni chini yake. Wauzaji wamenizoea. Ukikuta lebo yenye namba kama 5,000 au 10,000, hiyo ni urefu wa safu ya maji, kwa milimita, ambayo kitambaa kilistahimili kabla ya kuvuja. Kwa safari ya nusu saa 5,000 inatosha, lakini namba hiyo ilipimwa koti likiwa jipya, kwa hiyo amini chupa yako kwanza.

Miguuni usijisumbue. Gambuti hujaa maji kutoka juu na kukulemea kwenye kanyagio; vaa sandali za plastiki na kaptura, ngozi hukauka kwa taulo dakika moja. Suruali, viatu na soksi viwe mkobani. Kofia ya koti hukuziba macho ukigeuka kutazama nyuma, kwa hiyo vaa chini yake kapelo. Rangi ya koti iwe ya kuonekana. Kama ni jeusi, shona utepe unaong'aa mgongoni. Rimu za chuma zikiloa breki hazishiki, anza kufunga mapema. Na madigadi! Fundi wangu alikata kipande cha mpira wa tairi akakiongeza chini ya ile ya nyuma, kinakaribia kugusa lami, na hakutaka hata pesa.

Mkoba wa karatasi nilishonewa na fundi wa maturubai ya malori. Mdomo wake unakunjwa mara tatu halafu unafungwa. Tangu siku hiyo sijaharibu hata karatasi moja ya mtoto wa mtu.

Walimu wenzangu, niwaambie jambo bila kuficha. Tunanunua viatu vya arusi kwa shilingi elfu nne na kuvivaa mara mbili. Koti la kuvaa siku sitini za mwaka tunatafuta la mia tatu, likichanika tunasema mvua ya Mungu haizuiliki. Inazuilika. Mtoto aliyevuka maji ya magoti kuja shule anastahili kumkuta mwalimu wake amefika, amevaa nguo kavu, chaki mkononi. Hakuna mkuu atakayekusimamisha barazani kama umejiandaa. Na ukilipata koti zuri litunze: anika kivulini, fua kwa sabuni ya mche na si ya unga, suuza sana. Maji yakianza kulowesha kitambaa badala ya kuteleza, pitisha pasi ya vuguvugu juu ya leso.

Masika haya ya mwaka huu, Jumatatu moja, maji yalifunga njia na walimu watatu wenye magari wakakwama. Mimi nilibeba baiskeli begani mita chache. Saa moja na robo nilikuwa darasani.

Yule mwalimu kijana aliuliza swali moja ambalo mimi si wa kulijibu: yeye ni mwanamke, afanye nini na dera? Nilimuuliza dadangu, anayeendesha kila siku kwenda Muyeye. Amesema avae suruali ya nailoni na koti la kufika mapajani, dera na mtandio vikunjwe mkobani, na abadilishe kwenye chumba cha walimu wa kike kabla ya kengele. Dera juu ya cheni asithubutu hata siku ya jua. Mkoba wa turubai akitaka, fundi nitampeleka mwenyewe. Aje Jumamosi asubuhi, mchana huwa amefunga.