Kwa nini alto huitwa "ya juu"?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kakamega. Naimba sauti ya pili, yaani alto, katika kwaya ya kanisa letu. Nimeambiwa kwamba alto maana yake ni "ya juu". Mbona basi sisi ndio tunaoimba chini ya soprano, sauti ya kwanza?

JIBU: Hukudanganywa, dada. Waingereza walilipata jina hilo kwa Waitaliano, na shina lake ni altus, neno la Kilatini lenye maana ya juu. Ila juu ya nani? Ukianza kuhesabu kwa soprano hutapata jibu. Anza kwa teno, ile sauti ya juu ya wanaume.

Teno inatokana na kitenzi cha Kilatini tenere, yaani kushika. Katika muziki wa kanisa wa Ulaya ya Enzi za Kati, sauti hiyo ndiyo iliyoshika wimbo wenyewe, mara nyingi kwa noti ndefu, na nyingine zikatungwa kuizunguka. Iliyopangwa mkabala nayo iliitwa contratenor. Katika karne ya 15 watunzi wakaigawa mara mbili: contratenor altus, iliyopanda juu ya teno, na contratenor bassus, iliyoshuka chini yake. Ya kwanza ndiyo alto, ya pili ndiyo besi. Kwa hiyo jina lako ni sahihi kabisa. Tena, walioiimba alto kanisani enzi hizo walikuwa wanaume na wavulana, na kwa mwanamume mzima noti hizo ni za juu kwelikweli.

Soprano ni jepesi: limetoka kwa sopra, Kiitaliano cha "juu ya".

Baadaye wimbo wenyewe ulihama kutoka kwa teno. Mwaka 1586, huko Ujerumani, Lucas Osiander alichapisha nyimbo za kanisa akiwa ameuweka wimbo kwenye sauti ya juu kabisa, ili waumini wote waimbe pamoja na kwaya. Vitabu vyetu vingi vya nyimbo vimepangwa hivyo hadi leo.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu hapa Kisumu nasikia alto wakiambiwa ni soprano walioshindwa kupanda, na inaniuma. Unapojifunza sauti yako kwa solfa (do, re, mi), usiitafute kwa soprano pekee. Mwombe teno mmoja aimbe nawe, ninyi wawili tu, kisha besi aongezwe. Sikilizeni mnapokaribiana na mnapoachana. Mkishazoea kusimama watatu hivyo, soprano akiingia hatakuvuta.