Kwa aliyekwama ukurasa wa 40: skripti ya mapenzi ya kuchekesha, steringi (mhusika mkuu) anakaribia 30

Mleta uzi ana skripti ya filamu ya mapenzi ya kuchekesha: dada wa miaka 29 anaishi Sinza, Dar es Salaam, imebaki miezi sita atimize 30, kampenda kijana mmoja. Skripti imekwama ukurasa wa 40 na waliosoma hawakucheka. Skripti za namna hii nazipitia sana, na ugonjwa huu unajirudia.

Mkuu, steringi wako umempa umri, hujampa tabia. Kutimiza 30 peke yake si kisa. Mpe tabia moja ya kitoto inayoonekana kwa macho, inayomgharimu hela au watu, na ambayo mpaka leo kuna mtu anaifidia. "Anaogopa mahusiano" haitoshi, kamera haiioni hofu. Kwa mfano, huyu dada hawezi kutamka neno "sina". Kila kamati ya harusi anatoa ahadi, halipi. Kodi ya chumba ni 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 900,000, na miaka yote nusu inatoka kwa kaka yake.

Kijana naye mpe kazi inayogongana na tabia hiyo. Awe mweka hazina wa kamati ya harusi ya rafiki wa huyu dada. Kila siku saa tatu usiku anatupia orodha kwenye grupu la WhatsApp: jina, ahadi, alicholipa, baki. Namba 14, ahadi 200,000, alicholipa 0, baki 200,000, na grupu zima linaona. Hapo hawahitaji tena kugongana kwa bahati sokoni, maana ana sababu ya kumtafuta kila siku: anamdai. Na akishampenda atatamani kumlipia kimyakimya. Hapo ndipo penye utamu wote wa hadithi, kwa sababu akimlipia anakuwa kaka wa pili wa kumlea.

Kurasa sasa. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo lenga kurasa 90 hadi 100. Wakutane kabla ya ukurasa wa 12. Kufika wa 25 wawe wamefungwa na jambo wasiloweza kulikimbia, hapa ni kamati. Kati ya 45 na 50 mapenzi yanoge huku kuna kitu kimefichwa: kijana kalipa, dada hajui. Kwenye 70 hadi 75 kinafumuka mbele za watu. Wewe umekwama 40 kwa sababu hakuna aliyeficha chochote, hivyo hakuna cha kufumuka.

Kicheko kitoke kwenye juhudi za kuficha. Lafudhi za makabila na watu kuteleza havitabeba dakika 90. Chukua sini hii, yaani tukio moja la filamu: kikao cha kamati, shangazi anamuuliza mbele ya wageni, "Na pilau lako tutakula lini?" Dada anatabasamu, anasimama, anasema, "Naongeza hamsini." Watu wanapiga makofi, mweka hazina anaandika. Hakuna aliyetamka kichekesho, ila mtazamaji anacheka kwa sababu deni la 200,000 ameshaliona. Ukianza na sini hii kabla ya ile orodha, imekufa. Shangazi mwenyewe usimfanye kipaza sauti, mpe hoja ya kweli, kwa mfano kwamba yeye ndiye atakayeulizwa na ukoo.

Mwisho ndipo wengi wanaharibu. Sini ya kukua itangulie ya mapenzi, na zitenganishwe kwa kurasa tano hivi. Dada anasimama kwenye kikao cha mwisho: "Sina laki mbili na nusu. Nina elfu thelathini, na siku hiyo nitasimamia vinywaji." Anaitoa palepale, na ile aliyolipa kijana anataka kijana arudishiwe. Kijana asiwepo ukumbini. Akiwepo, mtazamaji ataamini dada kasema ili ampate. Mtoe, orodha isomwe na katibu, kijana aione usiku kwenye simu: ahadi 30,000, alicholipa 30,000, baki 0. Kisha ndipo aende kumgongea mlango.

Siku ya kutimiza 30 iweke katikati ya wiki, bila sherehe. Sherehe inakushawishi ukusanye wahusika wote wahutubiane. Na usiwaozeshe hawa wawili. Harusi unayo tayari, ya rafiki, yenye nguo na ngoma zake.

La uzalishaji: usiandike mazungumzo marefu ndani ya daladala inayotembea. Injini na honi zinameza maneno, mtalazimika kurekodi sauti upya. Bajaji iliyozimwa kwenye foleni inafaa zaidi. Usitaje wimbo wa msanii ndani ya skripti kabla hujajua haki zake. Na kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikiwe kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha.

Ukimaliza, isomwe kwa sauti na watu wanne, wewe ushike saa na kalamu. Kila mara mtu anapochungulia simu yake, weka alama kwenye ukurasa huo. Anza kuandika upya kurasa za 5 hadi 12, kisha zitupie hapa tuzisome.