Mpelekee mtafiti kile kilichokushinda

Mama wa kwanza alisema, "Iko muzuri, baba." Wa pili akasema vilevile. Nilipofika kwa wa tano nilikuwa nimeshaacha kuandika. Nikatoka soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, nikapanda taksi kurudi ofisini katikati ya mji, nikatuma ripoti ya ukurasa mmoja: watumiaji wameipenda.

Ilikuwa programu ya kuhesabu likelemba. Kwa msomaji asiye wa kwetu, likelemba ndiyo ile Watanzania wanaiita upatu: kila juma mnachanga, mmoja anabeba fungu lote, juma linalofuata zamu ya mwingine. Tulitengeneza skrini za aina mbili, nikawaonyesha akina mama zote mbili, nikawauliza ipi inawafaa. Wakachagua moja kwa kauli moja. Miezi miwili baadaye nilipita tena sokoni na kukuta daftari limerudi mezani, limelaliwa na bakuli la kupimia unga. Simu ilikuwa nyumbani, watoto wanachezea.

Mimi ni mbunifu wa skrini. Kazi yangu ni ile ambayo wenzetu wanaiita uzoefu wa mtumiaji: kuhakikisha mtu anajua abonyeze wapi, na akikosea anarudi vipi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba watu wa chuo wanaochunguza mwingiliano wa binadamu na kompyuta wanaandikiana wao kwa wao. Baadaye niligundua kwamba wao nao walituona sisi kama mafundi rangi, watu wa kupamba vitufe. Kila upande ulikuwa na ukweli kidogo, na hiyo ndiyo iliyofanya dharau idumu.

Jirani yangu ni asistenti, yaani mhadhiri msaidizi, chuo kikuu, kule Kasapa. Nilikuwa nimewahi kumweleza kazi zangu mara nyingi, zile zilizofaulu, na kila mara alinisikiliza kwa adabu kisha tukahamia kwenye mpira. Safari hii nilimweleza aibu yangu. Akaweka chini glasi yake. "Uliwaambia nani ametengeneza?" Nikamjibu kwamba sikuhitaji kuwaambia, walijua ni mimi. "Basi hukuwauliza kuhusu skrini," akasema. "Uliwauliza kama wanakupenda."

Ushauri wangu wote, kama unataka kuuchukua na kwenda zako, umo katika jioni ile. Usiende kwa mtafiti na mafanikio yako, maana hana la kuyafanyia. Mpelekee kile kilichokushinda. Fumbo ndilo chakula chake.

Kesho yake alinipa makala iliyotolewa mwaka 2012 kwenye mkutano wa CHI, mkutano mkubwa kuliko yote wa fani hii. Nicola Dell na wenzake walikwenda Bangalore, India, wakawahoji watu 450. Waliwaonyesha vitu viwili vinavyofanana kabisa, na kimoja wakakitaja kuwa ni cha mwulizaji. Watu walikichagua hicho mara 2.5 zaidi. Mwulizaji alipokuwa mgeni kutoka nje, mwenye kuhitaji mkalimani, ikawa mara 5. Hata walipokiharibu kusudi mpaka kila mtu aone ni kibovu, bado watu walikipendelea cha mgeni.

Nilisoma nikiwaona mama zangu wa Kenya. Kwetu huwezi kumwambia mtu usoni kwamba kazi yake mbaya, hasa kama amekuja na viatu safi na amekuita "mama". Jibu lilikuwa limeandikwa miaka kadhaa kabla sijalihitaji, na mimi nilikuwa natafuta rangi ya kitufe.

Tukarudi sokoni wawili. Safari hii hatukuuliza ipi nzuri. Tulimpa kila mama kazi: andika kwamba fulani amelipa nusu, kisha mwonyeshe mwenzako kwamba umeandika. Mimi nilitaka tumwambie skrini zote mbili zimetoka kwa watu wengine na sisi tumetumwa kuzichunguza tu. (Hapo mimi na asistenti tulibishana sana. Yeye hakutaka tudanganye. Mwishoni tulikubaliana kusema, "Hatutapata hasara mkizikataa," na hilo lilikuwa kweli kwake kuliko kwangu.) Nusu ya kwanza ya kazi waliifanya bila shida. Ile ya kumwonyesha mwenzako ndiyo iliyovunja kila kitu. Daftari likifunguliwa mezani, wote wanaona jina na alama ya kalamu. Simu inamwonyesha aliyeishika peke yake, na mtu anayetazama skrini peke yake wakati wa makuta, yaani fedha, ya watu anashukiwa. Tatizo letu halikuwa kitufe.

Hilo lingetokea bila yeye? Sidhani. Mimi nilikuwa na swali la Ijumaa: tubadilishe nini kabla ya kikao? Yeye alikuwa na swali la mwaka mzima: watu wanaaminiana vipi juu ya hesabu? Mkianza kushirikiana, yaandikeni maswali haya mawili kwenye karatasi mbili. Nimeona ushirikiano ukifa kwa sababu bosi alidai jibu la karatasi ya pili kufikia Ijumaa, au mtafiti aligoma kujibu la kwanza mpaka apate watu 200.

Na tukifika kwenye idadi ya watu, ndipo ugomvi wetu wa kudumu ulipo. Sisi wa kazi, tukijaribisha programu, tunaimba "watu watano wanatosha" kama sala. Asistenti alinifundisha sala hiyo inatoka wapi. Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba katika miradi waliyoichunguza, mtu mmoja akijaribu alifichua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo. Ukipiga hesabu, watu 5 wanafikisha kama asilimia 85. Lakini ile 31 ni ya miradi yao. Kama kwenye programu yako tatizo linamkuta mtu mmoja kati ya 10, watu 5 wana nafasi ya asilimia 41 tu ya kulifichua. Mwaka 2001 Jared Spool na Will Schroeder walijaribu tovuti za kuuza bidhaa, na watu 5 wa kwanza walifichua kama asilimia 35 tu. Bado natumia watu 5. Ila sasa nawatumia mara tatu, nikirekebisha katikati, na sisemi tena "tumethibitisha".

Msidhani faida ilikuwa yangu tu. Asistenti alikuwa ametayarisha utafiti wake juu ya wanafunzi wa Kasapa, kila mmoja na simu yake ya kugusa, wamekaa darasani kimya, saa ya kuhesabia sekunde mkononi. Nikampeleka chini ya mwavuli wa muuza yuniti za simu, asubuhi moja. Mteja anafika, simu inaita, mtoto analia, faranga zinahesabiwa pamoja na dola, mtandao unakatika katikati ya menyu ya nyota na reli na kila kitu kinaanza upya. Sekunde zake zilikuwa hazina maana. Alirudi akabadilisha sura nzima ya njia ya utafiti, na wanafunzi wawili wanaoandika TFC, ile kazi ya kumalizia masomo, wakapewa maswali ya kutoka sokoni badala ya yale ya kunakili.

Makubaliano yawekeni mapema, kwenye ukurasa mmoja: nani anamiliki data, mtafiti anaweza kuchapisha nini, jina la kampuni litatajwa au litafichwa, na nani analipa taksi. Usicheke hilo la taksi. Kazi yetu ya pili ilikaribia kuvunjika kwa sababu yake.

Kuhusu kusoma makala: usianze mwanzo. Soma muhtasari, ruka mpaka sehemu ya jinsi walivyofanya, kisha sehemu ambayo waandishi wenyewe wanakiri mipaka yao. Hapo utajua kama watu wao wanafanana na wako. Ukikuta makala inauzwa, mwandikie mwandishi barua pepe fupi yenye swali moja mahususi. Wengi hukutumia bure, na wengine hukujibu swali. Makala za zamani za ACM, chama cha kimataifa cha watu wa kompyuta, za 1951 hadi 2000, zimefunguliwa kwa wote tangu 2022. Lugha ni Kiingereza, ndiyo. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunapata taabu mara mbili, na hapo mtu wa chuo anakuwa mkalimani wako.

Mwaka 2010 Don Norman, mmoja wa wakongwe wa fani hii, aliandika kwamba kati ya utafiti na kazi panahitajika watu wa tatu, wenye kufasiri upande mmoja kwa upande mwingine. Kwetu nafasi hiyo hailipwi na yeyote, kwa hiyo tunaishika kwa zamu.

Sasa tunahangaika na dodoso la John Brooke la mwaka 1986, lile la sentensi 10 la kupima kama programu ni rahisi kutumia, linalotoa alama kati ya 0 na 100. Tunalitia katika Kiswahili cha hapa. Sentensi tisa zimekubali. Ya 8, inayosema programu ni ya taabu kuitumia, imegoma. Hata Kraig Finstad alionyesha mwaka 2006 kwamba neno lake la Kiingereza linawakwaza watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Sisi tuliweka "nzito". Mama mmoja wa Katuba, mtaa mwingine wa hapa, akaelewa kwamba inamaliza megabaiti. Mwenzake akashauri "inachokesha". Jumamosi tunarudi na maneno yote mawili, na safari hii taksi analipa yeye.