Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Wi-Fi Inafika Mapokezi na Haifiki Chumbani?

Barua nne za mwezi huu zimetoka Mwanza na pwani ya ghuba yake. Tumeziweka pamoja kwa sababu zinahusu kipande kimoja cha mawasiliano ambacho watu hukilipia bila kukichunguza, yaani ile safari fupi ya hewani kati ya rauta na simu.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina nyumba ya kulala wageni yenye vyumba kumi hapa Kirumba. Rauta iko mapokezi. Wageni wa vyumba vya mbele wanaridhika, lakini wale wa vyumba vitatu vya nyuma, vilivyo upande wa pili wa jabali, wananilalamikia kila siku. Nimepandisha kifurushi cha intaneti mara mbili na hali ni ileile. Sasa fundi ananishauri ninunue rauta yenye antena kubwa zaidi. Je, nimsikilize? Mama mwenye nyumba ya wageni, Kirumba.

JIBU: Mama, kabla hujatoa fedha nyingine, naomba utenganishe vitu viwili ambavyo karibu sote huviita kwa jina moja. Intaneti ni huduma inayofika kwenye jengo lako kwa mkongo au kwa mnara wa simu. Wi-Fi ni redio ndogo iliyo ndani ya rauta, ambayo kazi yake ni kuitoa huduma hiyo kwenye rauta na kuifikisha kwenye simu ya mgeni bila waya, na redio hiyo ingeendelea kurusha hata kama huduma yenyewe ingekatwa leo. Ulipopandisha kifurushi uliongeza kile kinachoingia mlangoni, ilhali shida yako iko ndani ya nyumba. Kuhakikisha ni rahisi: simama hatua mbili kutoka kwenye rauta, pima kasi kwa simu yako, kisha nenda chumba cha nyuma upime kwa simu ileile. Kasi ikiwa nzuri mapokezi na mbaya chumbani, kampuni inayokuuzia intaneti haina kosa.

Wi-Fi ni mawimbi ya redio kama yale yanayokuletea taarifa ya habari asubuhi, isipokuwa yanatetema kwa haraka zaidi. Rauta nyingi za sasa hutumia masafa, yaani kasi ya kutetema, ya aina mbili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5 (gigahezi moja ni mitetemo bilioni moja kwa sekunde, sawa na megahezi 1,000). Katika yale ya kwanza wimbi moja lina urefu wa takribani sentimita 12, na katika yale ya pili takribani sentimita 6. Ya gigahezi 5 hubeba mzigo mkubwa zaidi lakini hudhoofika mapema yanapokutana na kuta. Ya gigahezi 2.4 huvumilia kuta zaidi lakini hewa yake imejaa watu, jambo nitakalolirudia katika barua inayofuata. Hata pasipo ukuta wowote, ukiongeza umbali mara mbili nguvu inayofika hubaki robo. Ukuta wa tofali hupunguza sehemu, zege lenye nondo hupunguza zaidi, bati hurudisha mawimbi yalikotoka, na jiwe nene la Mwanza halina tofauti kubwa na ukuta wa ngome. Maji nayo hunyonya mawimbi haya, na hili ndilo watu wengi hawalifikirii.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Igogo, ambako mwenye nyumba aliapa kwamba mtandao wake huharibika kila maji ya bomba yanapotoka. Nilidhani ni hasira tu. Nikafungua programu ya simu inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli, ambazo huandikwa kwa alama ya kutoa, kiasi kwamba namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu zaidi. Kando ya rauta ilisoma -45. Kwenye mlango wa nyuma ilisoma -66, kiwango ambacho mtu anaweza kupiga simu ya video bila kukatika. Nje ya ukuta huo kulikuwa na simtanki kwenye kichanja, na chumba cha kijana wake kilikuwa nyuma ya simtanki hilo. Likiwa tupu, simu ilisoma -75 chumbani; lilipojaa ilisoma -84, na ukurasa mmoja wa gazeti ukakataa kufunguka. Kila namba hiyo inaposhuka kwa 3, nguvu imepungua nusu, kwa hiyo kutoka -75 hadi -84 ni kubaki na sehemu moja ya nane. Mzee yule alikuwa sahihi, na rauta ilipohamishwa mita nne tu, ikaacha kulitazama simtanki, malalamiko yakaisha.

Kuhusu antena kubwa, simtetei fundi wako. Antena haizalishi nguvu mpya. Inaichukua ileile iliyopo na kuielekeza. Ile ndefu ya fimbo huyabana mawimbi yasambae zaidi kwa usawa wa sakafu, na hivyo ghorofa ya juu huweza kupata kidogo kuliko mwanzo. Tena mawasiliano haya ni ya pande mbili: hata rauta ikipaza sauti namna gani, simu ya mgeni yenye betri ndogo lazima nayo ijibu na isikike kupitia jabali hilohilo. Wala usinunue ripita, kile kifaa kinachochomekwa ukutani na kurudia kila kinachosikia, kwa kuwa vile vya bei nafuu hutumia hewa ileile kusikiliza na kurudia, na kasi huanguka karibu nusu. Ninachokushauri ni kuvuta waya wa mtandao kutoka kwenye rauta hadi korido ya nyuma, upande wa pili wa jabali, na kufunga huko akses pointi, yaani redio ya pili ya Wi-Fi, juu karibu na dari. Ipe jina na nywila zilezile za mapokezi, lakini chaneli tofauti, yaani kipande kingine cha masafa hayo. Mita moja ya waya ina thamani kuliko antena yoyote utakayoonyeshwa dukani.

SWALI: Nina duka la kuchapa na kutoa nakala Nyakato. Mchana Wi-Fi iko vizuri, lakini kuanzia saa moja jioni inakuwa nzito hata nikiwa peke yangu. Nikifungua orodha naona majina ya Wi-Fi zaidi ya ishirini. Je, kuna mtu ananiibia? Na mbona boksi la rauta limeandikwa megabiti 300, ilhali sijawahi kuziona? Kijana wa Nyakato.

JIBU: Ndugu yangu, huenda hakuna anayekuibia, majirani wamerudi nyumbani. Kwenye gigahezi 2.4 kuna chaneli 13 zinazotumika katika nchi nyingi, lakini zimepandana: katikati ya moja na katikati ya inayofuata pameachana kwa megahezi 5 tu, wakati mazungumzo ya Wi-Fi yanahitaji upana wa takribani megahezi 20. Kwa hiyo zinazoweza kukaa pamoja bila kugusana ni tatu, na kwa desturi ni ya 1, ya 6 na ya 11. Majina ishirini uliyoyaona yanagawana nafasi hizo tatu.

Namna wanavyogawana inastahili kueleweka, maana humo ndimo ulimo uzuri wa teknolojia hii. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio katika mtandao ulioitwa ALOHAnet. Kila kituo kilituma kilipotaka, na viwili vilipotuma kwa pamoja ujumbe uliharibika, vikangoja muda wa kubahatisha na kurudia. Wi-Fi imeongeza adabu: kifaa husikiliza kwanza. Kikisikia mwingine anazungumza, hunyamaza. Hewa ikitulia, husubiri kitambo kidogo cha kubahatisha ili kisigongane na wengine waliokuwa wakingoja, ndipo kinatuma na kungoja jibu la kupokelewa. Jibu lisipokuja, kinarudia. Ukiwasikia wanunuzi wa dagaa kwenye mnada wa Mwaloni wakipeana nafasi ya kutaja bei, umeelewa sehemu kubwa ya mambo haya. Foleni hiyo inawahusu wote walio kwenye chaneli moja wanaosikiana, wakiwemo majirani zako ambao hawana nywila yako.

Kwa sababu hiyo usijifiche kwenye chaneli ya 3 au ya 8 kwa kudhani kwamba hapo hakuna watu. Ukiwa chaneli ya 6 pamoja na jirani, mnasikiana na kupeana zamu. Ukiwa ya 8, sauti yake inakufikia kama kelele isiyoeleweka na yako inamfikia hivyohivyo, nanyi nyote mnaharibiwa. Chagua kati ya zile tatu iliyo na majirani wachache au walio mbali, na upana uweke megahezi 20. Kompyuta na simu zinazoweza kutumia gigahezi 5 zihamishie huko, kwa kuwa chaneli ni nyingi na kuta za majirani zinakusaidia kwa kuzuia mawimbi yao.

Kuhusu megabiti 300, hiyo ni kasi ya juu kabisa ya redio katika hali bora, kabla ya kutoa muda wa kungojeana na kujibizana. Kwa kawaida kinachobaki kwa kazi yako ni karibu nusu, na unagawana na vifaa vyote vya dukani. Angalia pia kama una printa ya zamani. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi, 802.11 cha mwaka 1997, kiliishia megabiti 2 kwa sekunde, na vifaa vya kizazi kilichofuata navyo hushuka hadi megabiti 1 vikiwa mbali. Pakiti moja, yaani kifungu cha data, ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 12 kwa kasi hiyo, na takribani robo ya milisekunde kwa megabiti 54. Wakati printa inajikokota, wote wanangoja. Iunganishe kwa waya.

SWALI: Wanafunzi wamejua nywila ya Wi-Fi ya ofisi ya walimu. Mwenzangu anasema tufiche jina la mtandao. Inatosha? Mwalimu, Nyegezi.

JIBU: Haitoshi, Mwalimu. Jina lililofichwa hutajwa hewani kila kifaa chako kinapojiunga, na programu ya bure hulinasa. Badilisha nywila ya Wi-Fi, na ubadilishe pia ile ya kuingilia kwenye mipangilio ya rauta, ambayo mara nyingi imeachwa kama ilivyotoka kiwandani. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ukikuta WEP, ule ulinzi wa zamani, imewashwa, izime leo, kwa kuwa udhaifu wake ulianikwa hadharani tangu mwaka 2001. WPA2 inakubali nywila ya herufi 8 hadi 63, na sentensi ndefu ya maneno yasiyohusiana ni ngumu kukisiwa kuliko jina la shule na mwaka. Wanafunzi wapewe mtandao wao wa wageni, ikiwa rauta inaruhusu.

SWALI: Nina stoo ya samaki Kigongo na ofisi Busisi, ng'ambo ya ghuba. Je, Wi-Fi inaweza kuvuka ziwa? Mfanyabiashara, Kigongo.

JIBU: Inaweza, Ndugu. Mwaka 2007 kundi la Ermanno Pietrosemoli nchini Venezuela liliunganisha vilele viwili vya milima vilivyoachana kwa kilomita 382. Wewe una takribani kilomita 3, lakini rauta ya nyumbani haifai: unahitaji jozi ya redio za nje za gigahezi 5 zenye antena za kuelekezwa, moja ikiitazama nyingine, na vifaa vilivyokubaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Kuonana kwa macho peke yake hakutoshi. Mawimbi husafiri kwa umbo lililotuna katikati, na kwa umbali wako uvimbe huo una nusukipenyo cha karibu mita 6 katikati ya njia. Antena zikifungwa chini, maji yatauingia. Juu ya ziwa kuna shida nyingine: wimbi moja huja moja kwa moja na jingine huja baada ya kuakisiwa na maji, na yanapofika kwa kupingana hufutana. Kina cha ziwa kinapopanda au kushuka, hesabu hiyo hubadilika. Mwambie fundi aweke umbali wa kilomita 3 kwenye mipangilio, kwa sababu wimbi huchukua mikrosekunde 10 kuvuka, na redio isiyojua hivyo huweza kuchoka kungoja jibu na kurudia bure. Weka kinga ya radi na waya wa kuipeleka ardhini pande zote mbili. Halafu jaribu antena moja ikiwa kwenye urefu mbalimbali wa nguzo, asubuhi ziwa likiwa shwari, maana hapo ndipo maji huakisi zaidi. Pale ambapo namba ya nguvu ya mawimbi inabaki imara ndipo mkaze nati.