Mbele Matairi Mapya, Nyuma ya Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Mazda MX-5, gari dogo la michezo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Matairi ya mbele yalipokwisha, niliweka mawili mapya ya aina inayosifiwa kwa kushika barabara, na nyuma nikayaacha yale ya kawaida niliyoyakuta nilipolinunua, kwa kuwa kashata zake bado zinaonekana. Barabara ikiwa kavu, gari huitika usukani upesi nami hufurahi. Juzi, mvua ikinyesha, niliachia pedali ya mafuta katikati ya kona, mkia ukachomoka ghafla, na gari likageuka hadi likatazama nilikotoka. Fundi anasema matairi yote manne ni mazima na saizi ni moja. Kosa ni langu au la matairi?

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako amesema kweli, ila amelikagua kila tairi peke yake, ilhali kwenye kona gari huendeshwa na uwiano kati ya mbele na nyuma. Uwiano huo uliuvunja siku ile uliponunua matairi mawili.

Tairi likiwa kwenye kona haliendi hasa pale rimu inapoelekea. Mpira wake hujipinda, kukawa na pembe ndogo kati ya uelekeo wa rimu na njia ambayo tairi linapita, na ni kujipinda huko kunakolipa tairi nguvu ya kulivuta gari upande. Tairi laini la michezo hupata nguvu hiyo kwa pembe ndogo. Tairi gumu lililochakaa huhitaji pembe kubwa zaidi, na hufika mapema mahali ambapo huanza kuserereka. Matairi dhaifu yakiwa mbele, gari hugoma kukata kona, jambo linaloudhi lakini ambalo dereva huligundua mapema akapunguza mwendo. Yakiwa nyuma, kama yako, mkia ndio unaotangulia kuachia, na dereva wachache sana huwahi kuurudisha.

Kwenye lami kavu huenda usilione hilo, kwa sababu mwendo wa kawaida haulifikishi tairi kwenye kikomo chake. Maji hukishusha kikomo hicho kwa matairi yote, lakini huyashusha zaidi yale ambayo mpira wake umekauka na mifereji yake haina tena kina cha kuyatoa maji hayo. Ulipoachia mafuta, uzito ukahamia mbele: matairi yako bora yakakandamizwa yakashika zaidi, na yale dhaifu yakapunguziwa mzigo wakati yalipouhitaji. Kwa dereva kuachia mafuta ni ishara ya tahadhari, kwa hiyo siwezi kukulaumu sana.

Kashata kuonekana si kipimo cha kutosha. Katika Umoja wa Ulaya kina cha chini kinachoruhusiwa kisheria ni milimita 1.6, na tairi hushika vibaya kwenye maji kabla ya kufika hapo. Tazama pia tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2316, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016.

Kutofautisha mbele na nyuma si kosa kwa kila gari. Porsche 911, ambayo injini yake iko nyuma, hupewa matairi mapana zaidi nyuma, na kampuni hiyo huyatia herufi N na tarakimu yale iliyoyapima na kuyakubali. Tofauti hiyo imekokotolewa pamoja na springi na mfumo wa kudhibiti mtelezo. Yako ilitokana na matairi gani yaliwahi kwisha.

Nunua mawili ya nyuma yaliyo sawasawa na ya mbele, kuanzia jina la modeli hadi herufi ya kasi, ile ya ubavuni inayoonyesha mwendo wa juu ambao tairi linauhimili. Mpaka utakapoyapata, hamishia nyuma yale mapya, maana saizi ni moja. Yakiwa na mshale wa mzunguko, yabaki upande uleule. Usukani utakuwa mzito kuitika, na nakushauri uuvumilie. Usijaribu kutibu tatizo hili kwa kuchezea upepo, kwa kuwa upepo hurekebisha tofauti ndogo tu na haulainishi mpira uliokauka. Yale mawili yakishafungwa, endesha taratibu kwa kilomita mia chache za mwanzo, kwa sababu tairi jipya huwa bado na utelezi wa kiwandani juu ya mpira wake.