Kusafisha throto nyumbani

Ndugu, kama gari linatetemeka ukisimama kwenye foleni na throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) ni chafu, isafishe bila kuifungua yote. Injini ipoe, uwe nje penye hewa, pasiwe na sigara wala moto. Toa terminali hasi ya betri, kisha ondoa bomba la hewa.

Throto isiyo na waya wa eksileta ina mota na gia ndogo ndani: usiisukume kwa nguvu ile sahani inayofungua na kufunga njia ya hewa, na kamwe usiiguse sahani hiyo wakati swichi ya gari imewashwa, inaweza kukubana kidole. Pulizia dawa ya throto kwenye kitambaa, siyo moja kwa moja. Petroli hapana. Futa taratibu ule mduara mweusi sahani inapofungia; shida kubwa ipo pale.

Ukiwasha, liache lingurume bila AC mpaka litulie.