Maswali ya marubani: kutua, gharama na risasi tatu katika MaxiBoost ON

Maswali mengi ya awamu hii yanahusu Mobile Suit Gundam Extreme Vs. MaxiBoost ON, gemu la mapigano ya roboti kubwa, wawili dhidi ya wawili, lililoanza kwenye mashine za akedi huko Japani mwaka 2016 na kufika PS4 Julai 30, 2020. Tumeyafupisha. Vitufe tunavyovitaja ni vya mpangilio wa kawaida: mraba kupiga risasi, pembetatu kushambulia kwa upanga au mkono, eksi kuruka, duara kubadili adui unayemlenga.

Swali: Nikicheza na kompyuta nashinda vizuri. Nikiingia mtandaoni nalipuliwa haraka, na karibu kila mara napigwa wakati nashuka kutoka angani. Nakosea wapi?

Unatua vibaya, na hilo ndilo gemu lenyewe. Silaha, kombo (mapigo ya mfululizo) na roboti unayoipenda vyote vinakuja baadaye.

Ukibonyeza eksi mara mbili unapiga dashi, yaani unachomoka kwa kasi, na dashi inakatisha karibu kila kitendo: umefyatua risasi, unadashi, umekosa upanga, unadashi. Kila dashi inakula geji ya buusti, kipimo cha nishati ya kuruka na kudashi, na geji hairudi mpaka miguu iguse ardhi. Hapo ukigusa, roboti inaganda kidogo. Ukitua ukiwa na geji ya kutosha, mgando ni mfupi sana. Ukiimaliza kabisa injini inachemka, na mgando unakuwa mrefu kiasi kwamba risasi moja ya kawaida inakufikia bila mpigaji kuhangaika.

Adui mzoefu hapotezi risasi wakati unadashi kwenda pembeni. Anahesabu. Roboti ya gharama 3000 (pointi ambazo timu inapoteza roboti hiyo ikilipuka) hupata takriban dashi 8 mfululizo, ya 2500 takriban 7, ya 2000 takriban 6. Akiona umetumia tano na roboti yako ni ya 2000, anaacha kukufukuza, anajiweka sawa na kusubiri ushuke. Kompyuta haikufanyii hivyo, ndiyo maana unaishinda.

Tiba yake ni kutua mapema. Tumia nusu ya geji, theluthi mbili ikizidi sana, kisha shuka. Shukia nyuma ya jengo kama lipo. Bakiza kipande cha mwisho kwa ajili ya stepu: gusa upande mmoja mara mbili haraka, na kombora lililokuwa linakufuata linapoteza mwelekeo papo hapo. Dashi haina uwezo huo. Dashi inakimbia tu, na risasi inaendelea kukufuata. Wanaoanza wengi wanadashi pale wanapotakiwa kupiga stepu, halafu wanalalamika kwamba bunduki ya adui ni ya uchawi.

Ukiwa umechelewa kwa yote hayo, inua ngao: bonyeza chini kisha juu upesi. Ngao inazuia mbele peke yake, inakula buusti, na adui wa pili akiwa mgongoni mwako haina faida. Lakini akikujia na upanga ukauzuia, yeye ndiye anayeyumba na wewe unapata nafasi ya bure.

Fanya zoezi hili katika hali ya mazoezi: usifyatue hata risasi moja kwa dakika kumi. Ruka, dashi mara tatu, tua; ruka, dashi mara nne, stepu, tua. Macho yawe kwenye geji. Linachosha, ila hakuna njia ya mkato.

Swali: Roboti yangu inasimama ghafla katikati ya mwendo na kugeuka nyuma ninapopiga risasi. Ni hitilafu ya pedi?

Pedi yako ni nzima. Risasi nyingi zinaweza kupigwa ukiwa kwenye mwendo ikiwa tu adui yuko mbele yako au ubavuni. Akiwa nyuma ya pembe hiyo, roboti lazima ijizungushe ndipo ipige, na kujizungusha huko kunakata mwendo wote. Kinachotokea ni kwamba unakimbia adui huku unabonyeza mraba.

Kabla ya kufyatua, elekeza dashi pembeni au kidogo kuelekea kwake. Ikiwa umeshageuka kwa bahati mbaya, usisubiri kitendo kiishe. Dashi mara moja ukikatishe. Utapoteza buusti kidogo badala ya kupoteza robo ya damu, yaani uhai wa roboti.

Angalia pia rangi ya alama ya kulenga. Ikiwa nyekundu, umekaribia vya kutosha na risasi itamfuata adui. Ikiwa ya kijani, risasi inakwenda pale alipokuwa na kupita. Ikiwa ya njano, ama ameanguka ama ndio kwanza ameinuka na hadhuriki, kwa hiyo usimpigie.

Swali: Nilikuwa na Sazabi ya 3000, mwenzangu ana roboti ya 2000. Nilikufa mara mbili tukashindwa, naye damu yake ilikuwa bado nzima. Alikasirika sana. Mbona mimi ndiye niliyepigana muda wote?

Ana haki ya kukasirika, japo lawama mgawane. Timu ina pointi 6000. Roboti ikilipuka, gharama yake inakatwa humo, na zikifika sifuri mechi imekwisha. Ulipokufa mara mbili ulikata 3000 na 3000. Damu yote ya mwenzako haikutumika kwa chochote.

Lililo muhimu zaidi ni hili: ikiwa pointi zilizobaki ni chache kuliko gharama ya roboti inayorudi, inarudi na damu pungufu kwa uwiano huo. Hebu tufuate hesabu ya jozi yenu. Wewe ukitangulia kufa, zinabaki 3000, na unarudi mzima. Kisha afe yeye: zinabaki 1000, anarudi na nusu ya damu, kwa kuwa 1000 ni nusu ya 2000. Hapo mmetumia damu yenu vizuri kuliko mpangilio mwingine wowote. Geuza sasa: afe yeye kwanza, zinabaki 4000. Kisha ufe wewe, zinabaki 1000, na Sazabi inarudi na theluthi moja tu ya damu. Roboti yenye nguvu kuliko zote uwanjani inabaki kujificha nyuma ya majengo mpaka mwisho.

Kwa hiyo wa 3000 anakaa mbele na kupokea macho ya maadui. Wa 2000 anakaa nyuma kidogo, anapiga risasi za kusaidia na kuhakikisha hafi wa kwanza. Ukishakufa mara moja, kazi inabadilika: wewe sasa unarudi nyuma na yeye anasogea. Hapo ndipo timu nyingi zinapovunjika, kwa sababu rubani wa 3000 anarudi na hasira na damu kamili, anakimbilia mbele tena.

Jozi nyingine kwa haraka. 3000 na 2500: wa 2500 akifa wa pili anabakiwa na 500, yaani moja ya tano ya damu, hivyo asife ovyo. 2500 na 2500: anayekufa wa pili anarudi na asilimia 40. 2500 na 2000, wa 2500 akitangulia: wa 2000 anarudi na robo tatu, ndiyo maana jozi hii inawasamehe wageni. 3000 na 1500 ni ya kuvutia: wa 3000 afe mara moja na wa 1500 mara mbili, jumla 6000 kamili bila yeyote kurudi na damu pungufu. Tatizo lake ni kwamba roboti kama Zaku II Kai lazima iendeshwe na mtu anayejua kuwakera watu. 3000 na 3000 mtandaoni na usiyemjua? Tunashauri muiepuke, vifo viwili vya yeyote kati yenu na mechi imekwisha.

Swali: Kwa nini adui anaanguka baada ya risasi tatu hata kama nina risasi nyingi? Nataka kuendelea kumpiga.

Kila pigo lina thamani ya kuangusha. Zikijumlika hadi 5, adui analazwa kwa lazima na hadhuriki mpaka muda mfupi baada ya kuinuka. Mwale wa bunduki ya kawaida una thamani ya 2, basi wa tatu unavuka kikomo.

Madhara nayo yanapungua kila pigo. Bunduki ya madhara 70 inatoa 70 kwa risasi ya kwanza, asilimia 70 ya hiyo kwa ya pili, yaani 49, na asilimia 40 kwa ya tatu, yaani 28. Jumla 147. Bunduki ya 75 inakupa 158. Ndiyo maana kombo za upanga, zenye mapigo mepesi ya kuangusha, hutoa madhara makubwa zaidi, lakini zinakuweka mahali pamoja kwa muda ambao adui wa pili anaupenda sana. Mpenzi wa God Gundam, roboti ya kupigana kwa karibu, asipotazama ramani kabla ya kuanza kombo anajitafutia balaa.

Na kumwangusha mtu si hasara. Akiwa chini, kwa sekunde hizo mwenzake yuko peke yake dhidi yenu wawili. Mlaze mmoja, mgeukieni mwingine.

Swali: Nichague basti gani, F, S au E?

Basti ni nguvu ya ziada ya muda mfupi, yenye geji yake yenyewe. F kwa roboti za upanga, S kwa zinazoishi kwa risasi. E inapunguza madhara unayopata, na inakutoa katikati ya kipigo hata geji ya basti ikiwa nusu. Mwanzoni chukua hiyo mpaka uache kufa na geji imejaa. Kufa na basti ambayo hukuitumia ni kosa baya kuliko kuitumia vibaya. Basti inaanza kupatikana geji ikifika nusu, na inawashwa kwa kubonyeza mraba, pembetatu na eksi kwa pamoja.

Swali: Niko Dar, nina faiba nzuri. Mbona nikicheza na Wajapani kila kitu kinachelewa, na nikicheza na mwenzangu wa Nairobi hakuna shida hiyo?

Kwa sababu ya umbali; kasi ya bando haina la kufanya hapo. Mechi inaunganisha konsoli kwa konsoli. Kutoka Dar hadi Tokyo ni zaidi ya kilomita 11,000 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 110 hata kama nyaya zingenyooka, na hazinyooki. Gemu linachora picha 60 kwa sekunde, kila moja milisekunde 16.7. Tayari umechelewa picha sita au saba kabla hata ya kuhesabu vifaa vya njiani. Stepu ya dakika ya mwisho haiwezekani hapo. Kinga zako zianze mapema, na utegemee kujificha kuliko wepesi.

Unachoweza kurekebisha ni upande wako. Tumia waya wa LAN, achana na Wi-Fi. Ingia kwenye mipangilio ya PS4, sehemu ya mtandao, uendeshe jaribio la muunganisho na uangalie aina ya NAT, yaani jinsi ruta inavyokuruhusu kuunganishwa na konsoli nyingine. Aina ya 1 au 2 ni sawa. Aina ya 3 itakunyima vyumba vingi. Huwapata mara kwa mara wanaotumia bando la simu, kwa kuwa kampuni ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kubadili ruta hakusaidii. Na kumbuka mko wanne: muunganisho mbaya wa mmoja unawatesa wote.

Swali: Lazima ninunue stiki ya akedi?

Hapana. Pedi inatosha, mradi upange vitufe vya mabegani. Risasi ya ziada ni mraba na pembetatu pamoja, risasi maalum ni mraba na eksi, shambulio maalum ni pembetatu na eksi. Kubonyeza viwili kwa kidole gumba kimoja kunakosewa kila mara, na ukikosea unapata risasi ya kawaida uliyokuwa huihitaji. Viweke vyote vitatu kwenye L1, R1 na R2, basti kwenye L2.

Swali: Sijawahi kutazama Gundam. Nitapotea?

Kwenye mapigano hutapotea, ila mambo fulani yataonekana ya ajabu mpaka uone yalikotoka, yaani kwenye katuni za Kijapani za Gundam. Unicorn inaanza ikiwa imejifunga, kisha inafunguka kwa muda maalum. Exia inawaka nyekundu kwenye basti kwa sababu ya Trans-Am, mfumo unaoiongezea nguvu kwa muda mfupi. Gundam ya kwanza, RX-78-2, ina shambulio la basti ambalo ni picha maarufu ya kipindi cha 43, kile cha mwisho, cha mfululizo ulioanza Aprili 7, 1979 chini ya mwongozaji Yoshiyuki Tomino. Mfululizo huo ulikatwa kabla ya kufika vipindi 52 vilivyopangwa, halafu filamu tatu za 1981 na 1982 zikaufanya mkubwa. Anza na hizo filamu. Ukichoka na michoro ya zamani, nenda Gundam 00 ya 2007, vipindi 50 vinavyojitegemea.

Swali: Sina PlayStation, nina kompyuta tu. Kuna mbadala?

Mobile Suit Gundam: Battle Operation 2, bure, lilifika Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, mwaka 2023. Ni gemu tofauti kabisa: mwendo ni mzito, kwa kawaida mnakuwa sita kwa sita, na roboti ziko za aina tatu. Za uvamizi zinazidi za usaidizi, za usaidizi zinazidi za kawaida, za kawaida zinazidi za uvamizi. Timu ya watu sita wanne wawe wa kawaida, mmoja mvamizi, mmoja msaidizi; wasaidizi watatu wakijipanga nyuma, wa mbele anakufa peke yake. Roboti mpya zinapatikana kwa bahati nasibu ya tokeni, kwa hiyo kusanya za bure na usiweke kadi ya benki wiki ya kwanza.